Mazungumzo ya afya kwa wazee wetu: kliniki, kanisa, kikundi au ukumbi wa hoteli?

Mwaka jana mama yangu alisikiliza mazungumzo ya afya ya uzeeni mara saba. Mara tatu ilikuwa kliniki, mara mbili kanisani, mara moja kwenye ukumbi wa hoteli mjini Kisumu, na mara moja matangani, ambako mtu alinyanyuka baada ya wasifu wa marehemu akaanza kueleza habari za presha mpaka mshereheshaji akamnyang'anya maikrofoni. Mama ana miaka 71 na anaishi karibu na Chavakali. Kaka yake, mjomba wangu wa miaka 73, alistaafu kutoka reli na yuko Nakuru, Section 58, naye ana kikundi chake. Mimi niko Kondele, na ndiye ninayetumiwa ujumbe wa nauli. Baada ya kulipa nauli hizo zote niliona nina haki ya kuuliza ni mazungumzo gani yaliyomsaidia mtu.

Nilianza vibaya. Nilitazama nani anazungumza, nikadhani daktari bingwa atamshinda nesi, na nesi atamshinda mwanakikundi. Haikuwa hivyo. Ukimuuliza mama leo atakutajia yote: punguza chumvi, tembea, meza dawa, usilale na njaa. Amesikia kila kitu. Alichokosa kwa miaka ni mtu wa kurudi kumuuliza, "Ile tuliyosema, ulijaribu? Ilikuwaje?" Kwa hiyo siku hizi mwaliko ukija nauliza mambo matatu. Atapimwa? Anaweza kuuliza kwa lugha yake? Na huyu msemaji, atarudi lini?

Benchi la kliniki na kiti cha kanisa

Hizi mbili ndizo wazee wengi wa Magharibi na Nyanza wanazo karibu, basi nizilinganishe pamoja.

Kliniki ya presha na sukari ina siku yake. Wazee hufika saa moja asubuhi, kadi zinakusanywa, wanajipanga kwenye benchi refu, na kabla ya kupimwa nesi anasimama mbele yao dakika kumi na tano au ishirini. Hakuna projekta wala chai. Katikati ya maneno mtu anaita majina, nusu ya benchi inasogea, mtoto analia upande wa chanjo. Ukipita haraka utasema hapa hakuna somo.

Lakini siku niliyompeleka mwenyewe nilisikia jambo ambalo sijalisikia katika ukumbi wowote. Nesi alikuwa anaeleza chumvi: mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na humo uhesabu pia iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti. Mama akanyoosha mkono, akauliza kwa Kimaragoli, na ile tunayowekea mrenda je? Benchi zima likageuka. Kwetu mrenda na kunde hulainishwa kwa magadi au kwa maji ya majivu yaliyochujwa, na hakuna anayeyahesabu kuwa chumvi. Nesi naye ni wa huko huko, hakubabaika. Magadi yana sodiamu, akasema, kwa hiyo kwa mwenye presha hayo ni chumvi kwa jina jingine. Maji ya majivu yana potasiamu nyingi, na mwenye figo dhaifu ajihadhari nayo, kwanza apimwe figo. Kisha akamgeukia mama: "Wewe unaweka kiasi gani?" Mama akakunja kiganja kuonyesha. Nesi akacheka. "Mama, hicho ni kipimo cha harusi."

Dakika chache baadaye mashine ilisoma 168 kwa 94, ikaandikwa kwenye kadi. Mpaka wanaoutazama ni 140 kwa 90. Mwezi uliofuata nesi yule yule alifungua kadi ile ile na kitu cha kwanza alichouliza ni habari za kiganja. Baada ya miezi mitatu ilisoma 144 kwa 86. Siwezi kumpa mrenda sifa yote, maana katika miezi hiyo mama alianza pia kumeza dawa kila siku, badala ya siku anazoumwa kichwa tu. Hilo nalo lilitoka kwenye benchi: mzee aliyekaa kando yake alimwambia presha haina tabia ya kubisha hodi.

Ubaya wa kliniki ni kwamba inamngoja aliyekwisha kuugua. Mzee ambaye hajaambiwa ana presha hana kadi, na asiye na kadi hana sababu ya kuamka alfajiri kwenda kuketi pale.

Kanisani mambo ni kinyume kabisa. Mama ni wa Marafiki, yaani Quaker, kanisa lililoingia kwetu kupitia Kaimosi mwaka 1902, na akina mama wake wanajua kuandaa shughuli. Viti vina mgongo, choo hakiko mbali, kuna chai na mihogo, na mzee asiye na kadi yoyote anakaribishwa. Waadventista wa upande wa ziwani wamewazidi wengine wote hapa: kwenye makambi yao afya ni somo kama somo jingine. Kisumu, ukipita Kaloleni, utasikia pia darsa msikitini ikigusa sukari na kufunga kwa wazee.

Mgeni wa mama alikuwa daktari kutoka Nairobi. Alikuja na projekta na picha za sehemu tano za dunia zinazosifika kwa wazee wengi wa miaka 100: Okinawa kule Japani, Sardinia ya Italia, Ikaria ya Ugiriki, Nicoya ya Kosta Rika na Loma Linda huko California, ambako wengi ni Waadventista. Alizungumza vizuri sana. Maharagwe, kutembea, kula bila kushiba kupita kiasi, kuwa na watu. Halafu saa nane na nusu mchana wingu likapasuka. Aliyewahi kuwa chini ya mabati Vihiga mvua ya mchana ikishuka hahitaji kuelezwa zaidi. Daktari alipandisha sauti, spika ikapiga kelele, wazee wakaendelea kutikisa vichwa kwa heshima. Nilimuuliza mama jioni amepata nini. Akasema, "Wajapani nao wanakula viazi vitamu."

Sicheki. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa maishani, karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupungua kwa masikio ni mojawapo, pamoja na presha, sukari, macho yasiyotibiwa na upweke. Nasi tunawaita watu ambao masikio yamepungua, tunawaketisha chini ya bati, mchana, majira ya mvua. Kama wewe ndiye unayeandaa, weka asubuhi na umpe kila mzee nafasi ya kuuona mdomo wa anayesema.

Kuhusu hao wanaosemwa wamefika miaka 100, au hata 110, nazisikiliza habari zao kama hadithi nzuri. Mtafiti Saul Newman alipata tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2024 kwa kuonyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifiwa kwa wazee wa kupindukia zina kumbukumbu mbovu za kuzaliwa. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Mwaka ulio kwenye kitambulisho cha mama uliandikwa na karani aliyemuuliza kama alizaliwa kabla ya kaka yake au baada. Maharagwe yanabaki kuwa chakula kizuri hata kama mla maharagwe alikuwa na miaka 87 wala si 107.

Jambo moja ambalo kliniki haitalipata kamwe kanisa linalo, nalo ni watu. Chuo Kikuu cha Harvard kimefuatilia maisha ya watu tangu mwaka 1938, na kinachojitokeza kila wakati ni kwamba uhusiano mwema na wengine unaambatana na afya ya uzeeni. Mama akikosa ibada mara mbili, akina mama wanafika nyumbani. Akikosa kliniki mara mbili, kadi inakaa tu kwenye sanduku. Lakini daktari wa Nairobi aliondoka na kuku na shukrani, na hajaonekana tena.

Kikundi cha mjomba, Nakuru

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo. Mjomba na wastaafu wenzake, wanakaribia thelathini, hukutana Alhamisi asubuhi na kuchanga shilingi 200 kwa mwezi. Kwa pesa hizo walimwita mtaalamu wa fiziotherapia. Hakuleta picha. Aliomba viti vya kawaida visivyo na mikono, akavisogeza ukutani visije vikateleza, akawaambia wakunje mikono kifuani. Kazi ilikuwa kusimama na kuketi, kusimama na kuketi, kwa sekunde 30, huku mwenzako akihesabu.

Mjomba, mtu aliyebeba mizigo ya reli ujanani na bado anasimulia, alipata 9.

Kipimo hicho kina viwango vyake. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya 12, miguu imedhoofika na hatari ya kuanguka imeongezeka. Kwa mwanamke wa umri huo mpaka ni 10. Mjomba aliniambia hakuna aliyecheka, kwa sababu waliokuwa wamepita 12 walikuwa wanne tu. Mtaalamu akawapa kazi ya nyumbani: kusimama kutoka kitini mara kumi kabla ya chai ya asubuhi, kusimama mguu mmoja huku umeshika sinki, kutembea kisigino kikigusa vidole kama unapita juu ya ubao. Akawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na juu ya hapo siku tatu za mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili. Wazee wengi wanatembea vya kutosha, alisema, ila kutembea peke yake hakumfundishi mtu kujizuia akijikwaa.

Kisha akauliza kila mmoja alikula nini jana. Ugali na sukuma, chai na mkate, ugali na sukuma. Mwili wa mzee unahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye asikilize daktari wake. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 mpaka 72. Yai lina kama 6, kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15. Wakapiga hesabu pale pale, kila mtu kwa sahani yake, na mjomba akagundua kwamba tangu mke wake afariki amekuwa akila kama mtoto aliyekasirika. Siku hizi ananunua omena Jumamosi.

Yule mtaalamu alirudi baada ya miezi mitatu na viti vile vile. Mjomba alinipigia simu siku hiyo, na badala ya salamu akasema, "Kumi na tatu!"

Kikundi kina kasoro zake. Presha haipimwi pale, wasio na mchango wanaona aibu kufika, na mkutano mmoja mzima uliliwa na ugomvi wa pesa za maziwa. Tena ni wanaume watupu wa mjini, wenye pensheni. Kijijini kwa mama mchango wa 200 kila mwezi ungewatoa nusu ya watu.

Mwaliko wa hoteli

Huu nauelezea kwa sababu unafanana sana na mazungumzo ya kweli. Ujumbe ulisema wazee watapata somo la maisha marefu na "kupimwa mwili mzima bure". Ukumbi mzuri, maji ya chupa, vijana wenye makoti meupe. Kipimo chenyewe ni kushika fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta kwa dakika moja, kisha inachapishwa karatasi ya kurasa nyingi: ini, figo, kongosho, mifupa, mpaka "sumu mwilini".

Nilikuwa nimeketi karibu na kijana wa kompyuta nikaona ameandika umri wa mama 51. Karatasi ikasema figo safi. Nikamwambia umri ni 71. Akarekebisha, mama akashika fimbo tena, na figo zile zile, dakika tano baadaye, zikawa "zimechoka kwa wastani". Mwanamke ni yule yule na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni tarakimu moja. Dawa ya kuzipumzisha ilikuwa shilingi 9,800 kwa mzunguko wa kwanza. Mama hupokea Inua Jamii, pesa za serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, kwa hiyo walikuwa wanamwomba karibu miezi mitano ya maisha yake.

Na msemaji alikuwa fundi wa kuzungumza kuwazidi wote niliowataja. Aliwaita "mama yangu", "baba yangu", aliwasikiliza, aliwashika mikono. Pia aliwaambia dawa za hospitali zinachosha figo, na nusu ya ukumbi ikaguna kukubali. Huyu atarudi, tena atapiga simu kila Ijumaa. Ndiyo maana swali langu la kurudi halitoshi bila lile la kupimwa: kipimo kiwe kile ambacho nesi yeyote, hospitali yoyote, anaweza kukirudia na kupata jibu linalofanana.

Redio na simu

Redio haina nauli, na kutoka Kisumu mpaka Bungoma mzee anapata daktari kwa Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili kwa kugeuza kifundo tu. Kwa asiyeweza kutoka nyumbani ni baraka. Sikiliza tu mwisho wa kipindi: kikimalizia kwa namba ya kununulia dawa, ulikuwa ukisikiliza tangazo. Video za simu ni nzuri kwa sisi watoto kuliko kwa wazee, kwa sababu nyingi ni za Kiingereza. Mama hutumiwa nyingi na wajukuu. Hufungua zile zenye nyimbo.

Aliyeona choo

Kuna mazungumzo ambayo hayana ukumbi. Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchini, mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Anayehudumia kijiji chetu ni jirani, mama wa makamo anayejua hata mbuzi wetu. Alikuja, akampima mama, akanywa chai, na alipokuwa anaondoka akaomba kutumia choo.

Aliporudi ndipo akatoa somo. Kutoka mlango wa nyuma mpaka choo ni hatua arobaini, njia ina mzizi wa mwembe uliojitokeza, na taa hakuna. Mlangoni kuna mkeka unaoteleza. "Mama, usiku unaenda mara ngapi?" Mara mbili, wakati mwingine tatu. "Ukiamka, keti kitandani kwanza uhesabu mpaka ishirini, presha itulie, ndipo usimame." Mkeka ukatolewa siku hiyo hiyo, mzizi ukakatwa na mpwa wangu Jumamosi, nami nikanunua taa ya sola. Hakuna daktari wa projekta angeuona mzizi ule.

Ila vijiti vya kupimia sukari vikiisha, huwa vimeisha, na mama huyo ana nyumba nyingi. Kuna mwezi hafiki.

Ningechagua nini

Kama mzee wako ana presha au sukari tayari, kliniki ije kwanza, na nauli ya siku hiyo isikosekane hata kama ya sherehe itakosekana. Mwambie asiondoke bila kadi kuandikwa. Kama ni mzima, au anasema ni mzima, mtafutie mahali ambapo miguu yake itapimwa kwa kiti, na kama kikundi hakipo basi fanyeni nyumbani, kiti kikiwa ukutani na mtu amesimama karibu. Aliyefiwa na anayekaa peke yake apelekwe kanisani au msikitini hata kama somo lenyewe ni dhaifu, maana anachokifuata pale si somo. Asiyesikia vizuri usimpeleke ukumbini kabisa. Mwite mhudumu wa afya nyumbani, waketi wakitazamana. Na mwaliko wowote wenye dawa mezani, mzee asiende na pesa wala simu ya M-Pesa, au aende na mtoto mkaidi.

Akina mama wa kanisa la mama wanapanga mazungumzo mengine mwezi wa nane. Walikuwa wameshamfikiria mgeni wa Nairobi, lakini mama amewaambia habari za viti vya mjomba, na sasa wanataka mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Kisumu, saa tatu asubuhi kabla ya mvua. Pasta alinipigia kuomba mchango wa nauli yake. Nimemwambia nitalipa ile ya kuja mara ya pili.